Kutafsiri utafiti ndo nini? Unga, jela na zile wiki mbili za mwanzo

Juzi nilikuwa kijiweni kwa kahawa pale Ujiji nikatoa simu nikawasomea wazee kipande cha utafiti wa Marekani kuhusu opioidi na magereza, nilishakigeuza Kiswahili mwenyewe usiku kucha na najiona fundi. Mzee mmoja akashusha kikombe, akaniangalia, "sasa mjukuu wangu, hiyo opioidi ni ugonjwa wa mbuzi?" Kijiwe kizima kikacheka, hadi bao likasimama. Hapo ndo nikajua nilichofanya ni kugeuza lugha tu, kutafsiri utafiti ni shughuli nyingine kabisa.

Tumjibu mzee kwanza. Opioidi ni ukoo wa dawa, ndugu wa damu moja. Kuna za hospitali kama morfini, pethidini, kodeini na hiyo tramado inayouzwa kimagendo mitaani, alafu kuna heroini ambayo sisi tunaita unga. Zote zinatuliza maumivu na kumpa mtu raha, mwili ukizizoea basi siku akikosa anashikwa na arosto, mifupa inauma, anatapika, anatetemeka. Na akizidisha, pumzi inapungua pole pole mpaka inakata. Wengi wanakufa hivyo, kimya kimya, unadhani kalala.

Sasa neno lenyewe, kutafsiri. Wenzetu Marekani mwaka 2019 taasisi yao ya utafiti wa dawa za kulevya, NIDA, ilianzisha mtandao wa watafiti unaoitwa JCOIN, kazi yake ni kuchunguza matibabu ya opioidi kwa watu waliopita mikononi mwa polisi, mahakama na magereza. Ndani yake wakaweka kituo kabisa cha uratibu na tafsiri, pale chuo kikuu cha George Mason. Mi mwanzo nilidhani wanatafsiri kwenda Kihispania! Kumbe tafsiri wanayosema ni kulitoa jibu kwenye jarida la wataalamu na kulipeleka kwa mtu anayeweza kulifanyia kitu, bwana jela, hakimu, nesi, mama mwenye mtoto gerezani, kila mmoja kwa maneno yake na kwa kile kilicho mkononi mwake.

Mfano ndo huu hapa. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa jimbo la Washington, walifuatilia wafungwa zaidi ya elfu 30 waliotoka magerezani, wakakuta kwamba ndani ya wiki mbili za kwanza uraiani hatari ya kufa kwa kuzidisha madawa ilikuwa mara 129 ukiwalinganisha na raia wengine wa jimbo hilo. Mara mia na ishirini na tisa! Lakini ukimwambia mtu hivyo tu atasikia "kati ya wafungwa 130 wanakufa 129", na sivyo, wengi wao walikuwa hai, ni kwamba raia wa kawaida hatari yake ni ndogo mno kwa hiyo ukilinganisha inaonekana mlima. Na utafiti ule ulihesabu madawa ya kila aina, kokeini pia imo, sio unga peke yake, anayetafsiri kwa uaminifu hakifichi hicho hata kama stori inapungua utamu.

Kwa nini wiki mbili? Mchukue kuli wa Kibirizi, miaka yote anabeba gunia la kilo mia anapanda nalo kwenye boti kama hana kitu. Mweke ndani miaka miwili hajashika hata ndoo. Siku anatoka anataka kuonyesha yeye ni yule yule, anatupia begani gunia lile lile, mgongo unakatika. Unga nao hivyo hivyo, jela mwili umeshasahau, mtu anatoka anapiga kipimo chake cha zamani na kipimo kile sasa kinamuua. Niliwaeleza wazee hivyo na hakuna aliyeuliza habari za mbuzi tena.

Alafu kuna upande wa nini kifanyike, maana kutisha watu tu sio kutafsiri. Jimbo dogo la Rhode Island mwaka 2016 lilianza kuwapa wafungwa dawa za kutibu uraibu, yaani ile hali ya kunaswa na madawa, methadoni ikiwemo, wakiwa ndani na wakitoka wanaendelea. Nusu ya kwanza ya 2016, kati ya waliokufa jimboni kwa kuzidisha madawa, 26 walikuwa wametoka gerezani si zamani. Nusu ya kwanza ya 2017 walikuwa 9. Hesabu hiyo haihitaji profesa. Na methadoni sio kitu cha wazungu tu jamani, Muhimbili wanaitoa tangu 2011, mtu anakunywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto inakaa mbali na yeye anaendelea na maisha.

Hata jina unalomwita mtu limepimwa. Kuna utafiti wa 2010 huko huko Marekani, wataalamu wa afya ya akili zaidi ya 500 walipewa wasome maelezo ya mgonjwa mmoja, tofauti ni jina tu, wengine wakaandikiwa kitu kama "teja" la kwetu, wengine wakaandikiwa "mtu mwenye ugonjwa wa uraibu". Waliosoma lile la kwanza walielekea zaidi kuona ni makosa yake na anastahili adhabu. Wataalamu hao, waliosomea! Sasa fikiria hakimu na askari wa doria. Mi mwenyewe natamka teja kila siku, sijisifu, ila kwenye karatasi ya mahakama neno hilo lina uzito wa rungu.

Kuna mama jirani yetu hapa Mwanga, mwanae anatoka mwezi ujao. Akaniomba nimrekodie sauti awatumie ndugu walioko Kasulu. Nikarekodi, "Shikamooni, uraibu ni ugonjwa sugu wa ubongo…" akanikata, "we mwanangu, uraibu nani anajua? Sema mwili wake ulizoea na sasa umesahau." Nikarudia. "Akitoka msimwache peke yake zile wiki mbili za mwanzo, msimfungie nje, akirudia asianze na kipimo cha zamani, mkimkuta kalala anakoroma vibaya na midomo imebadilika rangi mlazeni ubavu mkimbizeni hospitali, msisubiri aamke." Akasikiliza mara mbili, akasema hapo kwenye kukimbiza niseme polepole zaidi, maana bibi yake husikia sikio moja.