Faida ya bidhaa haipimwi kwa mwaka mmoja

Wasindikaji wanaoniletea vitabu vyao vya hesabu hapa Iringa, wawe wa nyanya, wa alizeti au wa mchele, huanza na kauli ileile: "Bidhaa hii ina faida, angalia mauzo ya mwaka huu." Dhana hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu tarakimu za msemaji huwa sahihi, kilicho na kasoro ni kipindi alichokipima.

Tuchukulie chupa ya sosi ya nyanya inayouzwa kwa wenye maduka ya jumla shilingi 1,500, huku gharama zake zinazobadilika, yaani zile zinazoongezeka kwa kila chupa inayotengenezwa, zikiwa shilingi 1,100. Shilingi 400 zinazobaki, ambazo mimi naziita mchango wa chupa, ndizo mwenye kiwanda anazoziita faida. Lakini kabla chupa ya kwanza haijafika dukani alikwisha kutumia, tuseme, shilingi milioni 6 kwa mapishi ya majaribio, vipimo vya maabara, maombi ya alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), uchapaji wa lebo na sampuli za kuonjesha. Fedha hizo ziliingizwa katika hesabu za mwaka uliopita, au hazikuandikwa popote kwa kuwa zilitoka mfukoni mwake, na ndiyo maana mwaka huu bidhaa inaonekana haidaiwi. Ukweli ni kwamba chupa 15,000 za kwanza zinarudisha fedha hizo tu, na hapo pango na mishahara ya kudumu hatujaigusa. Siku bidhaa itakapoondolewa sokoni, lebo zilizobaki na chupa zilizopita muda zinazorudishwa na wenye maduka zitaleta gharama nyingine. Zikifika shilingi milioni 1, zimekula mchango wa chupa 2,500 zaidi. Kwa hiyo nasisitiza, hata kwa wanaoniona msumbufu, kwamba kila bidhaa iwe na daftari lake, lifunguliwe siku wazo linapoanza kugharimiwa na lifungwe baada ya chupa ya mwisho kulipiwa.

Wapo pia wanaoamini kwamba gharama hupunguzwa kiwandani, uzalishaji ukishaanza. Sehemu kubwa ya gharama huwa imekwisha kuamuliwa wakati wa kubuni: anayechagua chupa ya kioo kwa sababu inapendeza amechagua pia uzito, katoni ngumu na hasara ya kuvunjika katika kila safari ya kuteremka mlima Kitonga kwenda Dar es Salaam, kwa muda wote bidhaa itakapokuwa sokoni. Toyota ya Japani ilijulikana kwa kuanza na bei ambayo soko litakubali, kuondoa faida inayotakiwa, kisha kubuni kwa gharama iliyobaki. Hapa kwetu tunabuni kwanza, halafu tunalilaumu soko.

Kuhusu kushusha bei mshindani anapoingia, hesabu ni fupi. Ukipunguza shilingi 100 katika sosi ileile, mchango unashuka hadi 300, na mauzo lazima yaongezeke kwa theluthi moja ili ubaki pale ulipokuwa.

Dhana ya mwisho ni kwamba bidhaa inayodorora ifutwe mara moja. Maadamu bei yake inazidi gharama zinazobadilika, bado inachangia pango ambalo utalilipa hata ukiifuta. Iondoe pale tu saa zake za jiko na mashine ya kufungashia zinapoweza kutumiwa na bidhaa yenye mchango mkubwa zaidi kwa saa, na uache kuchapa lebo mpya miezi kadhaa kabla.