Baa zisizolingana: alama za utekelezaji huvujia wapi

Mwanajimnasti wa kike ametua kutoka kwenye baa zisizolingana, yaani baa mbili za kubembea, moja juu na moja chini; miguu haikusogea hata kidogo, ukumbi unapiga makofi. Kisha ubao unaonyesha utekelezaji 8.1. Watu wananuna: ametua vizuri hivi, alama karibu mbili zimekwenda wapi? Mara nyingi zilikwisha kuvuja huko juu kabla hajaachia baa.

Jopo la utekelezaji huanza na 10.0, na kazi yake ni kukata tu. Kosa dogo ni 0.10, la wastani 0.30, kubwa 0.50, kuanguka 1.00. Kila jaji huandika makato yake peke yake. Halafu alama za juu na za chini huondolewa, zinazobaki katikati hutafutiwa wastani. Ugumu wa miondoko yenyewe una jopo lake.

Mla alama mkuu ni kusimama kwa mikono. Mwili ukiwa ndani ya nyuzi 10 kutoka wima, hukatwi. Ukizidi 10 hadi 30, ni 0.10, ukivuka 30, ni 0.30 au zaidi. Fikiria uso wa saa: wima ni kwenye namba 12, nyuzi 30 ni kwenye namba 1. Nafasi isiyo na adhabu ni theluthi tu ya pengo hilo, na jaji anatakiwa kuiona mwili ukiwa mbioni.

Mitego zaidi iko kwenye kugeuka juu ya mikono. Mtazamaji huona msichana amefika wima na kuridhika. Jaji yeye anasubiri mgeuko ukamilike, mkono wa mwisho ushike baa, ndipo apime. Aliyechelewa kuanza kugeuka hufika wima safi kabisa, lakini anapomaliza nyonga zimeshapita upande wa pili. Ndiyo maana makocha husisitiza mgeuko uanze kabla ya wima. Si kwamba jaji kamwonea.

Kwenye kuachia na kudaka, tazama viwiko. Katika Tkatchev, yaani kuachia baa, kupita juu yake kinyumenyume na kuidaka tena, asiyesafiri vya kutosha nyuma ya baa hudaka akiwa amebanwa nayo, na mikono hulazimika kukunjika. Kiwiko kikikunjika nyuzi 90, hiyo ni 0.50. Katika Pak, mwondoko wa kuachia ambapo anaporuka kutoka baa ya juu kwenda ya chini, tazama magoti na miguu inayoachana: mwachano mdogo ni 0.10, wa upana wa mabega ni 0.30.

Kuna kosa ambalo wengi hawalioni kabisa: bembea tupu. Amedaka vibaya, amepoteza kasi, anabembea kwenda na kurudi bila kufanya kitu. 0.50 hapo hapo, sawa na hatua tano ndogo wakati wa kutua! Na akianguka baada ya kushika baa kwa mikono yote miwili, hata kwa kitambo kidogo, hukatwa 1.00 ila thamani ya ugumu hubaki. Asiposhika hivyo, vyote viwili vinakwenda.

Sasa piga hesabu: kusimama kwa mikono mara saba bila kufika wima, 0.70, viwiko 0.30 mara moja; miguu kuachana mara mbili, 0.20, vidole vya miguu vilivyolegea mara mbili, 0.20, bembea tupu moja, 0.50. Jumla 1.90, na bado hajagusa godoro.

Ukitazama kwenye televisheni, subiri picha ya ubavuni. Kamera ya mbele huzificha nyuzi zote hizo.