Increase si "kuongeza" tu, jamani

Jana tena. Mara ya ngapi sijui, nishaacha kuhesabu. Kijana mmoja kanitumia watsapp tangazo alilolifasiri toka Kiingereza nilipitishie jicho kabla halijabandikwa mlangoni, ni nyumba ya vyumba vya kupangisha huku Langoni, Lamu, na sentensi ya kwanza kabisa: "Kodi itaongeza 10,000 kuanzia mwezi ujao." Namuuliza, kodi itaongeza nini? Chumvi? Akanijibu, na jibu hili ndo limeninyima usingizi: "Si increase ni kuongeza, maalim? Angalia kamusi."

Kamusi nimeiangalia bwana, tangu hujazaliwa. Tatizo si kamusi.

Haya. Mzungu anasema the rent will increase, na anasema the landlord will increase the rent, kitenzi kilekile hakibadiliki hata herufi moja. Ndo maana wanaoandika barua za kupandisha bei wanalipenda sana neno hili, manake bei inapanda yenyewe kama maji ya bamvua, hakuna mtu aliyeigusa, mwenye nyumba mwenyewe kaamka asubuhi kakuta imepanda! Kiswahili hakikupi maficho hayo kirahisi. Kodi inaongezeka, mwenye nyumba anaongeza, kodi inaongezwa. Ukisema inaongezwa tu, mtu wa pili barazani anauliza, na nani? Mkia wa kitenzi ndo unaobeba kesi nzima, na ukiukata unabaki na kodi inayoongeza, yaani upuuzi.

Wengine wanadhani hapo lugha yetu ndo ina shida, eti Kiingereza kina neno moja safi sisi tuna utitiri. Mie naona kinyume. Mahamri yanaumuka, maji yanajaa, mguu unavimba, mtoto anakua, bei inapanda, fujo linazidi. Yote hayo ukitaka unaweza kumlazimisha Mzungu aseme increase in size, increase in nini sijui, lakini nenda kamwambie mama wa mahamri unga wake umeongezeka, atajua umemtilia unga mwingine.

Na hiyo zidi nayo ina mtego wake. "Bei imezidi" mmoja anasikia imepanda, mwengine anasikia imepita kiasi, na mie nikiwa naandika barua ya ofisi siithubutu bila kuisindikiza na neno jingine. Zidisha ndo kabisa, tushaipeleka kwenye hesabu za mara mbili mara tatu.

Sasa tangazo letu. Kodi ya sasa ni 8,000. Kiingereza chake kilisema will increase to 10,000, yaani mpaka 10,000. Kijana kaandika "itaongeza 10,000", mpangaji akisoma hapo anapiga hesabu 18,000 na anaanza kufunga virago. To ya kufikia kiasi na by ya kuongeza kiasi, vijineno viwili hivi, ndivyo vinavyogombanisha watu, si hilo neno kubwa lenyewe. Na mie nisijifanye msafi, zamani niliwahi kuvichanganya kwenye karatasi ya ada ya chama fulani, nikaitwa kwenye kikao nijieleze mbele ya wazee. Tangu siku hiyo naandika kutoka ngapi hadi ngapi, hata kama Kiingereza hakikusema. Asilimia ni vilevile: kutoka asilimia 10 hadi 15 ni pointi 5 tu, lakini ni ongezeko la asilimia 50. Chagua moja useme ipi.

Matamshi nayapita mbio: nomino mkazo mbele, kitenzi mkazo nyuma. Sisi ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo zote mbili tunazikaza mbele. Utaeleweka, usijali.

Asili yake ndo tamu. Kilatini crescere ni kukua, kama mche unavyokua, halafu likapita Ufaransa likaingia Uingereza karne ya 14. Ukoo wake mkubwa. Crew, yaani mabaharia wa chombo, nao wametoka huko huko, kwa Kifaransa cha zamani ilikuwa ni ongezeko, askari wa kuongezwa nguvu. Na crescent, ule mwezi tunaoutafuta magharibi jioni ya tarehe 29 Shaabani, maana yake ya mwanzo si umbo, ni mwezi unaokua. Leo Mzungu anaita ule wa mwisho wa mwezi waning crescent, yaani unaokua unaopungua, na halimshughulishi hata kidogo.

Tena Biblia yao ya Kiingereza ya 1611 inatumia increase kwa mazao ya shamba, na kwenye Mambo ya Walawi inatumika kwa ile ziada ya mkopo. Riba! Na riba yetu yenyewe tumeitoa kwa Waarabu, shina lake ni kukua na kuzidi. Lugha mbili zisizo na undugu zimeitazama pesa ya mkopo zikaona kitu kilekile kinamea.

Ila asili haikusaidii saa ya kufasiri. Kuna sentensi mpaka leo zinanishinda, fines have increased kwa mfano. Faini ni nyingi kuliko zamani, au kila faini imekuwa kubwa? Na zimeongezeka zenyewe au kuna aliyezipandisha? Nampigia mwenye kazi. Asiposhika simu naandika "zimeongezeka" na nalala vibaya. Hata nyongeza na ongezeko, mie nafundisha kwamba nyongeza ina mtoaji na ongezeko halina, halafu nasikia watu wazima wa hapa hapa Lamu wanasema ongezeko la mshahara na sina la kuwajibu.

Basi nikamrudishia kijana wangu: "Mwenye nyumba atapandisha kodi kutoka 8,000 hadi 10,000." Baada ya robo saa ananijibu, mwenye nyumba kaisoma, kasema Kiswahili kizuri sana, ila hapo mwanzo mtoe yeye, andika tu kodi itaongezeka.