Boti kongwe, propela na maneno ya kijiweni

Kaa na manahodha wa boti za faiba, iwe Mafia, Nungwi au Lamu, hutakosa kusikia tiba ya boti nzito: "Tafuta mashine kubwa." Boti zenyewe nyingi ni za zamani. Mashine ni ile ya kufungwa nyuma ya boti, ya kuchanganya oili na petroli, imeshapita mikono mitatu au minne, na propela ni iliyokuja na mwenye boti wa kwanza au iliyokutwa dukani siku hiyo. Baadhi ya maneno ya kijiweni niliyaamini mwenyewe, nikayalipia kwa petroli.

"Propela kubwa, mwendo mkubwa"

Huyu ndiye mama yao. Propela huandikwa namba mbili, mfano 11⅛ x 13. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi, yaani inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye ubao. Mtu akiona 15 anaiacha 13, akidhani amenunua mwendo. Amenunua, ila kwa sharti kwamba mashine iweze kuizungusha. Isipoweza, yeye ni dereva wa lori la mahindi aliyeanza kupanda mlima Kitonga na gia ya tano.

Kila mashine ina kiwango cha mizunguko kwa dakika inachotakiwa kufika kwenye resi ya mwisho, na kimeandikwa kwenye kitabu chake. Kwa nyingi za zamani ni 4,500 hadi 5,500, au 5,000 hadi 6,000. Propela sahihi ni ile inayoifikisha mashine kwenye nusu ya juu ya kiwango hicho, boti ikiwa na mzigo wake wa kila siku: abiria, madumu, barafu, nyavu. Kujaribu boti tupu na nahodha peke yake ni kujidanganya.

Hesabu yake si ngumu. Inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko kama 150 hadi 200. Ukipunguza pichi mizunguko inapanda, ukiongeza inashuka. Mashine ikigota 4,700 nawe unataka 5,300, shuka inchi tatu au nne. Ndiyo, shuka. Mara nyingi boti inayotoka na propela ndogo inanyanyuka haraka kutoka majini na kukimbia kuliko ilivyokuwa na ile kubwa, na mwenye boti hukataa kuamini mpaka aone GPS.

"Mizunguko midogo inaipumzisha mashine"

Kati ya maneno yote, hili ndilo linaloua pistoni. Resi ikiwa wazi yote, kabureta inamimina mchanganyiko mwingi, lakini propela imeishikilia mashine isizunguke inavyotaka. Shinikizo na joto vinapanda ndani ya silinda, mchanganyiko unalipuka kwa kishindo nje ya utaratibu wake, na kichwa cha pistoni kinaliwa kidogo kidogo. Masizi nayo yanazigandisha ringi. Mwenye mashine anasikia mngurumo mzito wa chini, anatabasamu kwamba anaitunza. Kupita kiwango kwa juu nako ni hatari, hilo halina ubishi, ila kelele zake kila mtu anazisikia. Hii nyingine inaua kimya.

Kama boti haina mita ya mizunguko, nunua hiyo kabla ya propela. Na kabla ya yote pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Silinda moja ikiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, hakuna propela itakayokusaidia.

"Propela iliyokubali Dar itakubali popote"

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mashine ya kabureta hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kwa sababu hewa inakuwa nyepesi, hivyo mashine iliyokuwa na nguvu farasi 40 Kigamboni inafika Mwanza ikiwa kama 36. Pichi lazima ipungue. Jeti za kabureta, vitundu vinavyopitisha petroli, nazo ziangaliwe, maana petroli inakuwa nyingi kuliko hewa iliyopo.

"Mashine mara mbili, mwendo mara mbili"

Kwa boti inayokimbia juu ya maji, mwendo hupanda kwa kipeuo cha pili cha nguvu. Toka 40 nenda 80: boti iliyokuwa ikifanya noti 20 (maili za baharini kwa saa) itafika kama 28, hapo bado hujahesabu uzito wa mashine mpya kwenye tezi wala petroli inayokunywa. Kisha kuna ubao wa nyuma, uliojengwa kwa mashine ndogo na huenda umeshaanza kuoza ndani. Unaponunua mashine kuukuu sana kumbuka pia kwamba kabla ya katikati ya miaka ya 1980 nguvu nyingi zilipimwa kwenye krenki, si kwenye shafti ya propela. Namba ileile iliyobandikwa kwenye kava haikuwa na maana ileile.

"Izamishe, ndiyo inashika maji"

Inashika maji, na inayaburuta. Giaboksi iliyozama bure ni nanga ndogo. Anza kwa kulinganisha lile bamba pana lililo juu ya propela na chini ya boti, kisha pandisha tundu moja moja. Kwenye mashine nyingi matundu yameachana robo tatu ya inchi. Ukifika mahali propela inaachia maji unapokata kona, rudi tundu moja. Muda wote angalia ule mkojo wa mashine. Maji ya kupozea yakipungua umepandisha mno.

Kosa linalojirudia ni shafti ndefu ya inchi 20 kwenye ubao uliokatwa kwa shafti fupi ya inchi 15. Inchi tano za chuma zinalima maji kila safari, na lawama anapewa mtengeneza boti.

Pembe nayo ina neno lake. Ile pini ya nyuma inayoegemewa na mashine ikiwa tundu la ndani kabisa, omo linachimba maji. Ukiitoa mno, boti inaruka-ruka kama pomboo. Jaribu matundu yote. Ni kazi ya asubuhi moja.

"Mashine inapiga kelele, boti haiendi: ni hewa tu"

Huenda ni hewa kweli, imevutwa kutoka juu kwa sababu mashine imepanda mno au kona ni kali. Huenda ni kitu kingine kinachofanana nayo kwa sauti: maji kuchemka bila moto, kwa sababu shinikizo nyuma ya panga lililopinda limeshuka sana. Hilo huacha alama, vishimo vidogo kwenye chuma kana kwamba kimetafunwa na mchwa.

Au ni mpira ulio ndani ya kitovu cha propela umeachia. Umewekwa pale makusudi ili ukigonga mwamba giaboksi isivunjike. Chora mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi pipa la propela, nenda baharini, rudi. Mstari ukiwa umekatika, mpira umekwisha. Nimeona watu wakifungua giaboksi nzima kwa kukosa tone la rangi.

Stenlesi na mapanga manne

Stenlesi haijipindi, hivyo hukupa noti moja mbili zaidi. Lakini kwenye miamba yetu, ikigonga inapeleka kishindo kwenye gia. Mimi ningebaki na alumini na kuweka ya akiba chini ya kiti. Mapanga manne huinua tezi na kushika vizuri kwenye mawimbi ya kusi. Mwendo wa mwisho hupungua kidogo.

"Boti imezeeka, basi"

Uzee una anwani. Povu lililo chini ya sakafu hunywa maji, na kila lita ni kilo nzima unayoibeba bure. Ipime boti kwenye mizani ukiweza. Kisha lala chini yake na ubao ulionyooka, uuweke kwenye mita moja na nusu ya mwisho kuelekea tezi. Tumbo likiwa limebonyea kwenda ndani, omo litashuka hata ufanye nini kwa pini. Ukoga na vikonokono sina haja ya kuvitaja.

Ukishamaliza, piga hesabu. Mizunguko gawanya kwa uwiano wa gia, zidisha kwa pichi, gawanya kwa 1,215: hizo ni noti za kwenye karatasi. Mizunguko 5,200, uwiano wa gia 2, pichi 13 inatoa 27.8. GPS ikisoma 23.5, propela inapoteza kama asilimia 15, na kwa boti ya kazi hiyo ni nzuri. Ikisoma 18, rudi kwenye kimo cha mashine na ule mstari wa rangi. Pima kwenda na kurudi, kisha chukua wastani, maana mkondo wa maji kupwa umeshawafanya wengi waone propela mpya ni ya ajabu.