Je, wajua kwa nini negativu, ile filamu ya picha za kamera za zamani, ukiiskani steshenari inatoka giza tupu?

Mama alikuwa anataka picha ya bibi, ile aliyopigwa amesimama mlangoni kwao Kongwa, sasa ile iliyokuwa kwenye fremu mchwa walishaimaliza, na mchwa wa Dodoma mnawajua wakishaingia ukutani hawabakishi. Kilichobaki ni negativu tu kwenye kopo la biskuti. Nikaipeleka steshenari moja hapa mjini, kijana akailaza kwenye skana kama anavyolaza cheti, akafunika, ikatoka kitu cheusi chenye ukahawia, akaniambia "bro hii imeungua, tupa tu". Haikuwa imeungua. Iliniuma sana maana nikawaza ni wangapi wameambiwa hivyo hivyo na wakatupa kweli.

Iko hivi. Skana ya kawaida ina taa chini ya kioo, ile taa inatembea pamoja na sensa (kile kijicho kinachosoma mwanga), inamulika karatasi na mwanga unarudi chini kusomwa. Picha iliyosafishwa kwenye karatasi inafaa kabisa kwa sababu karatasi inarudisha mwanga. Negativu ni plastiki inayopitisha mwanga, yaani picha yake unaiona mwanga ukitokea upande wa pili, ndio maana zamani tulikuwa tunainyanyua kuelekea dirishani. Ukiilaza kwenye skana ya kawaida mwanga unapita, unagonga kifuniko cheupe, unarudi tena kupitia negativu ile ile, umechujwa mara mbili, unategemea nini zaidi ya giza?

Skana za filamu zina taa ya pili ndani ya kifuniko. Ukiichagua kwenye programu, taa ya chini inazima na ya juu inawaka. Epson Perfection V600 kwa mfano, ukichomoa ule ubao mweupe wa kifunikoni unaikuta taa imekaa hapo. Mimi nilimpata jamaa Makole mwenye skana ya aina hiyo.

Kingine kinachowachanganya watu ni ile rangi ya machungwa ya negativu za rangi. Sio uchakavu, imewekwa kiwandani makusudi kusahihisha kasoro za rangi za filamu. Ila ukigeuza tu weusi uwe weupe bila kuitoa kwanza, picha nzima inakuja na ubluu, kwa hiyo iambie programu kwamba hii ni negativu ya rangi, iitoe yenyewe.

Halafu dpi, yaani nukta ambazo skana inasoma kwa kila inchi, hapa ndipo wengi wanaharibu. Picha moja ya mkanda wa kawaida ni milimita 24 kwa 36. Ukiskani kwa dpi 300 kama cheti unapata pikseli kama 425 kwa 283, hata kwenye simu haipendezi. Weka 2400, unapata kama 3400 kwa 2270, hiyo unachapisha ukubwa wa maana kabisa. Picha za karatasi 300 hadi 600 zinatosha, karatasi haina zaidi ya hapo ya kukupa. Na zile namba kubwa kubwa kwenye boksi la skana msizifuate sana, mara nyingi lenzi yenyewe haizifikii.

Vumbi sasa. Huku kwetu kiangazi na upepo ule, punje moja tu kwenye negativu inakuwa doa kubwa usoni kwa mtu. Puliza kwa kipulizio cha mpira, usipulize kwa mdomo mate yataruka, na usifute kwa khanga wala shati, utachora mikwaruzo ambayo haitoki. Skana nyingine zina mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, unaotambua vumbi lilipo, kwa filamu za kawaida za rangi unasaidia sana ila kwa zile za zamani za nyeusi na nyeupe uzime, kwa sababu yale madini ya fedha yaliyomo kwenye filamu yanazuia infraredi kama vumbi linavyozuia, mashine itafuta mpaka picha.

Na kama picha imegandia kwenye kioo cha fremu usiibandue jamani! Iskani na kioo chake, ila tafuta skana ya aina ya CCD, zile nene zenye lenzi ndani, hizi nyembamba za aina ya CIS zinaona vizuri kile tu kilichogusa kioo chao, kikinyanyuka milimita mbili tatu kinakuwa ukungu.

Ya bibi ilitoka safi. Ile ya kwenye fremu ilikuwa ya inchi 5 kwa 7, na karatasi hiyo ni fupi kwa umbo la negativu, kwa hiyo studio wakisafisha lazima ncha zikatwe. Kwenye skani bibi yupo mlangoni vile vile, ila pembeni kabisa kuna mkono wa mtoto umeshika khanga yake. Mama aliuangalia muda mrefu, akasema huyo ni mimi.