Kumweleza Daktari Kuhusu Nepi za Ukubwani: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: "Daktari akihitaji kujua, ataniuliza."

Mara nyingi hatauliza. Muda wa kuonana ni mfupi, naye hushughulikia kile alichoambiwa. Kwa hiyo lianze hilo kabla ya mengine yote, kwa sentensi moja: "Daktari, mkojo unanitoka bila kutaka, na sasa navaa nepi." Ulimi ukiwa mzito, iandike kwenye karatasi umkabidhi. Kama umesindikizwa na mtu usiyetaka asikie, una haki ya kuomba asubiri nje.

Dhana: "Inatosha kusema mkojo unavuja."

Haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapopoteza nafasi ya kupata tiba sahihi. Mkojo unaochuruzika ukikohoa, ukicheka au ukinyanyua kitu kizito huelekeza kwenye udhaifu wa misuli ya sakafu ya nyonga, yaani ile inayoshikilia kibofu kwa chini. Ukibanwa ghafla na kulowa kabla hujafika chooni, kibofu kinajikaza kabla ya wakati. Mkojo ukidondoka matone kila mara huku tumbo la chini limejaa, huenda kibofu hakimalizi kutoa mkojo, jambo linaloweza kuletwa na tezi dume iliyotanuka. Nepi ni ileile, tiba ni mbalimbali.

Kwa hiyo, kwa siku 3 kabla ya miadi, andika saa uliyokunywa kitu, nini na kiasi gani. Saa uliyokojoa na mililita ngapi (kojolea kwenye kikombe chenye vipimo). Saa uliyolowa na ulikuwa ukifanya nini. Andika pia idadi ya nepi kwa siku. Ukiwa na mizani ya jikoni, pima nepi ikiwa kavu, kisha ikishalowa, ndani ya mfuko wa plastiki uleule. Gramu 1 iliyoongezeka ni takriban mililita 1 ya mkojo: nepi ya gramu 90 ikifika 340, zimetoka mililita 250. Hapo daktari ana cha kufanyia kazi. "Inalowa sana" haimsaidii.

Haja kubwa ikikutoka pia, itaje waziwazi. Hii ndiyo inayofichwa zaidi, na inabadilisha uchunguzi mzima.

Dhana: "Ni umri tu, au ni kuzaa. Hakuna dawa."

Umri na uzazi huongeza uwezekano, lakini mkojo kuvuja una sababu zinazotafutika: maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, kufunga choo, dawa za kupunguza maji mwilini. Tegemea kupimwa mkojo na pengine sukari, au ultrasaundi ya kuona mkojo unaobaki kibofuni. Beba dawa zako zote, ila usiache yoyote kwa uamuzi wako.

Mazoezi ya sakafu ya nyonga hufanya kazi yakifanywa sawasawa: kubana na kuachia angalau mara 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 isiyopungua. Wengi hukata tamaa wiki ya pili, au hubana matako na tumbo huku wamezuia pumzi, na misuli inayohusika haiguswi. Mwombe daktari au mtaalamu wa fiziotherapia ahakikishe unabana panapotakiwa. Usiyafanye kila unapokojoa, kwani mkojo unaweza kubaki kibofuni.

Mwanamke anayelowa mfululizo usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa kuzaa wa muda mrefu au upasuaji wa nyonga, aulizie fistula, yaani tundu lisilo la kawaida kati ya njia ya mkojo na uke. Mara nyingi hurekebishwa kwa upasuaji.

Dhana: "Nikipunguza maji, nitakauka."

Mkojo mzito huwasha kibofu, na choo kigumu hukikandamiza. Kunywa kama kawaida, punguza kahawa na chai kali, na punguza vinywaji saa chache kabla ya kulala.

Dhana: "Vidonda vya nepi ni vya kawaida, si vya kuonyesha."

Vionyeshe, hata kama vipo sehemu za siri. Ngozi iliyokaa na mkojo au kinyesi hulainika na kuchubuka, kisha fangasi huingia. Badilisha nepi mapema, osha taratibu kwa sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, kisha paka krimu ya zinki kiasi kidogo. Ikizidi hupunguza unyonyaji wa nepi. Nepi kubwa kupita kiasi huvujia mapajani. Pima kiuno na nyonga, uchague saizi kwa kipimo kilicho kikubwa zaidi.

Dhana: "Navaa kwa hiari yangu, si ugonjwa, hivyo daktari hahusiki."

Mwambie hivyohivyo. Kujua kwamba hakuna kinachovuja kunamwepusha kukupa vipimo na dawa usizohitaji, na ngozi yako bado inahitaji kuangaliwa.

Dhana: "Hili linaweza kusubiri miadi."

Kwa kawaida ndiyo. Lakini nenda hospitali siku hiyohiyo ukishindwa ghafla kujizuia, au ukishindwa kabisa kukojoa, pamoja na maumivu ya mgongo, miguu kuishiwa nguvu au ganzi kati ya mapaja. Huenda neva za chini ya uti wa mgongo zimebanwa, na kila saa ina uzito. Homa yenye maumivu ya ubavuni nayo haisubiri. Damu kwenye mkojo, hata ikionekana mara moja tu bila maumivu, ichunguzwe ndani ya siku chache.