Watoto na kazi za kujitolea: mambo tunayoambizana huku Mabatini, Mwanza, ambayo sio kweli

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, na mi huwa natoka na wanangu wote watatu, wa miaka 11, wa 7 na wa 4, na kila mara lazima atokee mtu aniulize kwani hao watoto umewaleta kufanya nini. Nimechoka kujibu nikiwa na reki mkononi, acha niandike.

"Wa miaka minne atakusumbua tu, muache alale"

Hii ndo naisikia kuliko zote. Ukweli ni kwamba hamu ya kusaidia mtoto anayo hata kabla hajanyoosha maneno. Mwaka 2006 watafiti wawili waliokuwa Ujerumani, Warneken na Tomasello, walionyesha kitu rahisi sana, mtu mzima anaanika nguo, kibanio kinamdondoka, anajinyoosha hakifikii, na watoto wa miezi 18 wanaenda wenyewe wanakiokota wanampa. Hawajatumwa, hawajaahidiwa pipi. Sasa kama wa miezi 18 anaokota kibanio, huyu wangu atashindwaje kushika mdomo wa kiroba wakati mi namimina taka? Ndo kazi yake hiyo. Anashika kwa mikono miwili, kidevu juu, macho kayafumba kwa ajili ya vumbi, na ukimpokonya analia mtaa mzima unajua. Kuchelewesha anachelewesha, sikatai, kazi ya nusu saa inaenda lisaa, ila mtoto ukimfukuza kila anapotaka kushika fagio usije kushangaa akifika kumi na tano unamwita hageuki.

"Huko ni kuwatumikisha, sheria inakataza"

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kweli kumpa mtoto kazi za kumdhuru au za kumkosesha masomo, na kuajiriwa kazi nyepesi ni mpaka afikishe miaka 14. Lakini watu wanasoma nusu. Sheria hiyohiyo inataja na wajibu wa mtoto, kusaidia wazazi na wakubwa wanapohitaji, na kuitumikia jamii yake kwa nguvu na akili alizonazo. Kwa hiyo ukimuamsha alfajiri ukamuanikisha dagaa kule soko la samaki la Mwaloni mpaka shule inampita, umemtumikisha, hata kama dagaa ni wa shangazi yake, ila kushika kiroba na baba yake Jumamosi asubuhi sio kutumikishwa.

Mi najipima kwa uzito na muda. Wanaoijua Mwanza wanajua nyumba zetu zimepanda kwenye mawe, bodaboda inaishia chini huko, juu ni ngazi na miguu yako. Kuna bibi jirani yetu magoti hayamruhusu tena kuteka maji, tunampandishia jioni. Mara ya kwanza nikajifanya mjanja nikambebesha yule wa miaka 7 dumu la lita kumi, maana yake kilo kumi za maji hizo, akafika katikati akaliachia, likabingirika ngazi zote mpaka kwenye mlango wa watu na likapasuka. Akawa anatetemeka anadhani nitamchapa. Kosa lilikuwa langu, na dumu nililipa mimi. Saivi anabeba la lita tano, mkubwa la kumi, na mdogo anabeba kikombe kimoja ambacho anasema ni "cha bibi kunywea dawa", akifika kimebaki nusu. Shikamoo bibi! Marahaba wajukuu zangu, mmekula? Hapo hata kama wamekula watasema hapana.

"Kujitolea ni kwenda kituo cha yatima na mchele na sukari"

Tulienda kituo kimoja kama familia, tukapanga sabuni na mafuta mezani, picha, status, tukaondoka. Kwenye daladala mkubwa ananiuliza, baba yule mwenye shati la kijani anaitwa nani? Sikujua. Nilikuwa nimepiga naye picha nne. Sisemi msiende, ila pigeni simu kwanza muulize wanahitaji nini na ni saa ngapi hamtawavuruga, simu ziache mfukoni, na kabla ya kwenda mbali angalia mlango wa pili kwako kuna nani.

"Bila soda na chipsi hawaji"

Haohao watafiti wa kibanio mwaka 2008 waliwajaribu watoto wa miezi 20, wengine wakawa wanapewa zawadi kila wanaposaidia, na baadaye zawadi zilipokatwa ndo wakawa wanasaidia kidogo kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Yaani ulichokuwa unanunua ulikuwa nacho bure. Chai na maandazi baada ya kazi haina shida, kwa sababu tunakunywa wote, hata aliyekuja amechelewa na mikono misafi (yupo, na anajijua).

"Usafi wa ufukweni ni salama, si watoto wa ziwani hao"

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Kichocho hakiulizi umezaliwa wapi. Vimelea vyake vinatoka kwa konokono wa maji baridi, wale wanaopenda kingo tulivu zenye majani, vinaelea majini na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliyesimama tu humo. Hata kama hajayanywa. Dawa ipo, praziquantel, lakini ukitibiwa leo kesho ukarudi majini unakipata upya. Kwa hiyo kwetu mguu wa mtoto haugusi maji, magugu maji ni ya wakubwa wenye buti. Watoto wanabaki nchi kavu na viatu vya kufunika na glavu, na wanajua kwamba wakiona kiwembe, sindano au chupa iliyovunjika hawaokoti, wanaita mkubwa.

"Watakosa tuisheni"

Tuisheni inaanza saa nne, usafi sisi tunaanza saa moja. Tuendelee.

"Akikataa ni mvivu, mlazimishe"

Huyu wa 11 mwaka huu alianza kugoma. Maji ya bibi hana shida nayo, ila kuokota chupa barabarani darasa lake likimwona hataki kabisa, na nikikumbuka umri huo mi mwenyewe nilikuwa najificha nikitumwa mafuta ya taa. Nikamuuliza basi we unataka kazi gani. Akasema daftari. Saivi ndo anaandika nyumba ipi imekopa reki, ipi imekopa toroli, nani karudisha. Mwezi uliopita kanifuata na daftari lake, koleo la balozi wetu wa nyumba kumi lilikuwa nyuma ya mlango wangu wiki tatu, na jina langu kaliandika kwa wino mwekundu.